Video Iwe Nyepesi, Midomo Ionekane



Muhula unakaribia kwisha na watoto wameanza kurekodi hadithi za kuwatumia mabibi na mababu walioko Tanga, Kigoma, Mombasa na Bukavu. Kila mara malalamiko ni mawili: video ni nzito haifunguki, au inafunguka lakini uso wa mtoto ni ukungu mtupu.

Mimi si fundi wa kompyuta, ni muuguzi. Lakini wodini nimejifunza kwamba mzee ambaye masikio yamechoka husikia pia kwa macho. Wakati wa korona, tulipovaa barakoa, wazee waliokuwa wakituelewa vizuri waliacha kutuelewa. Mama yangu kule Korogwe ni hivyohivyo: wajukuu wakimsimulia kitu, hutazama midomo. Kwa hiyo picha ikififia, anapoteza maneno.

Tupige hesabu. iPhone ikirekodi 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, dakika moja hula takriban MB 400. Kwa 720p na fremu 30, ni takriban MB 40. Hadithi ya dakika 3 basi ni MB 1,200 au MB 120. Hapa Afrika Kusini, Aprili 2020, baada ya Tume ya Ushindani kuchunguza bei za data, Vodacom ilishusha GB 1 ya siku 30 kutoka randi 149 hadi 99. Hata kwa bei hiyo, hadithi moja ya 4K inamaliza bando zima. Na bibi naye anatumia bando lake kuipakua.

Kwanza, rekodi kwa kiasi tangu mwanzo. Kwenye mipangilio ya kamera chagua 720p au 1080p, fremu 30. Kwenye kioo kidogo cha simu ya bibi, 4K haitamwongezea kitu.

Pili, tulieni. Video hubanwa kwa kuhifadhi zaidi yale yanayobadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Ukuta usiosogea hauli nafasi kubwa. Simu ikitikisika, au nyuma yako pakiwa na pilikapilika za Rockey Street, nafasi inaliwa na wapita njia badala ya uso wako. Egemeza simu kwenye vitabu, kaa ukielekea dirishani. Giza huleta chengachenga, na chengachenga nazo hula nafasi.

Tatu, kata ile sehemu ya "Mama, imeanza?" Sekunde zisizo na hadithi nazo zina uzito.

Nne, kama video tayari ni kubwa, tumia HandBrake, programu ya bure ya kompyuta. Chagua H.264, maana hata simu za zamani huisoma. H.265 hupunguza zaidi, ila simu ya zamani inaweza kukwama. Kisha kuna namba ya ubora, RF: ikipanda, faili hupungua na picha hufifia. Kwa 1080p, watengenezaji wanashauri 20 hadi 24. Anza na 22. Sauti iacheni ilivyo. Kwa kawaida ni takriban MB 1 tu kwa dakika.

Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida, itabanwa tena. Itume kama hati, ifike ilivyo. Na ile ya awali usiifute, kwa sababu kilichopotea katika kubana hakirudi. Miaka ishirini ijayo mtoto wako atataka kuiona.

Watoto, kabla ya kutuma, zimeni sauti mtazame. Mkiona midomo ikifunga kwenye "b" zote mbili za "bibi", video iko tayari kusafiri.