Kupima Pikipiki kwa Futikamba

Arlington, Jumapili, 5 Machi 2023

Nimerudi kutoka Houston jana usiku, na asubuhi hii nimeshindwa kuinama nifunge kamba za viatu. Mke wangu ndiye aliyenifunga. Zaidi ya kilomita mia nne ndani ya gari, miguu imenyooshwa mbele, kiuno kimezama kitini kama maji kwenye ndoo. Mtaalamu wa viungo amenieleza mara mbili: mgongo uliokunjwa juu ya cherehani miaka thelathini na mitano hauteswi na safari, unateswa na namna ya kukaa. Nikikaa wima, nyonga zimefunguka na nyayo zipo chini ya magoti, naweza kushona nusu siku. Nikilazwa nyuma, nusu saa inanitosha kuumia.

Binti yangu wa huko Houston sasa ana mtoto. Sitakubali kumwona mjukuu mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya kiti cha gari.

Usiku nimekumbuka Tanga. Ile Honda CG125 niliyopelekea suti za watu Muheza na Korogwe, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Sikuwahi kushuka juu yake nikiwa nimepinda. Leseni ya pikipiki ya hapa Texas ninayo tangu vuli: darasa, kisha uwanja, kujifunza upya kukata kona na kushika upande wa kulia wa barabara. Pikipiki ndiyo sina. Wala sitajidanganya kwamba ni habari ya mgongo peke yake. Naipenda, na nina umri wa miaka hamsini na minane. Nikingoja zaidi nitakuwa nimeamua kuiacha.

Jumamosi, 11 Machi

Nimekwenda duka kubwa la pikipiki upande wa Dallas. Macho yalinivuta moja kwa moja kwenye Gold Wing. Honda waliitoa mara ya kwanza kama modeli ya mwaka 1975, na hii ya sasa ina injini ya silinda sita, sentimita za ujazo 1,833, na inaweza hata kurudi nyuma yenyewe. Nimepanda. Kiti kiko sentimita 74.5 tu kutoka chini, mikono inafika bila kunyooshwa, mgongo umesimama. Nilihisi nimevaa koti lililokatwa kwa ajili yangu.

Kisha nikaiinua kutoka kwenye stendi ya pembeni. Karibu kilo 380. Miguu ilikuwa chini, ndiyo, lakini kiti chake ni kipana, kimeyapanua mapaja yangu hadi magoti yakakosa nguvu. Nikaiona sheli ya mchanga na kokoto, mguu mmoja unateleza, na mimi nazuia kilo 380 kwa paja moja. Muuzaji alinieleza kwa upole kwamba ikitembea uzito unapotea. Ni kweli, ikitembea. Lakini kila safari huanza na kuisha imesimama, na katikati kuna taa nyekundu.

Kingine alichosema: "Dakika tano utajua." Sikubaliani naye. Mteja akijaribu suti mbele ya kioo amesimama wima kama askari, kila suti inampendeza. Mimi humwambia akae, ainue mkono kama anayeshika bomba la basi, akunje goti. Hapo ndipo bega linapolia na suruali inapobana. Kuanzia leo sitapanda pikipiki ya dukani chini ya nusu saa.

Jumapili, 12 Machi

Leo nimempima mteja mgumu: mimi mwenyewe. Mke wangu alishika futikamba. Kimo sentimita 166. Mguu kwa ndani, kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, sentimita 74. Buti zitaongeza tatu. Kutoka bega hadi kiganja, kiwiko kikiwa kimelegea kidogo, 58.

Nimeshangaa kwamba watengenezaji karibu wote hutangaza urefu wa kiti peke yake. Ni sawa na kuuza suruali kwa urefu bila kutaja kiuno. BMW wao hutoa na kipimo kingine: mzingo wa ndani wa miguu, yaani futikamba ianzie sakafuni kulia, ipande juu ya kiti, ishuke hadi sakafuni kushoto. Hicho ndicho kipimo cha fundi. Viti viwili vya urefu mmoja, kimoja chembamba mbele na kingine kipana, ni nguo mbili tofauti kabisa.

Nimetandika karatasi ya kukatia sakafuni, nikakaa kwenye kigoda changu cha kazini, mikono mbele kama ninayeendesha. Mke wangu akatia alama tatu kwa chaki: makalio, viganja, nyayo. Tumeziunganisha zikawa pembetatu. Kila pikipiki ina pembetatu yake ya kiti, usukani na vikanyagio. Ninayoitafuta mimi ni ile ambayo pembetatu yake inalala juu ya hii bila kuvutwa.

Jumapili, 19 Machi

Jirani yetu wa zamani, Mkongo wa Bukavu anayeendesha lori na sasa anakaa Fort Worth, amenialika nijaribu Harley-Davidson yake, Road Glide. Ni pikipiki ya heshima. Kioo chake cha mbele kimefungwa kwenye fremu badala ya usukani, kwa hiyo upepo hauutikisi mkono. Kiti kiko yapata sentimita 70, chini kuliko zote nilizozipanda. Yeye ni mrefu sana, na juu yake anaonekana mfalme.

Mimi nilikaa nusu saa kwenye maegesho yake, kama nilivyojiahidi. Kiti kikiwa chini hivyo, miguu haina pa kwenda ila mbele. Miguu ikienda mbele, uzito wote wa kiwiliwili unashukia kwenye kifandugu, na kila shimo la barabara litapanda moja kwa moja mgongoni, kwa sababu nyayo haziwezi kusaidia kuinua mwili. Dakika ya kumi na nane maumivu yalifika palepale yanapofika garini. Kumbe kiti kilicho chini sana nacho ni kipimo kibaya, hata kwa mtu mfupi.

Akaniambia, "Mzee, ni kama kiatu, utakizoea." Ninamheshimu, lakini kiatu ni ngozi, ngozi hutanuka. Chuma hakitanuki. Kinachotanuka ni mgongo wangu.

Jumamosi, 25 Machi. Ramadhani 3

BMW R 1250 RT. Kilo 279 tu, kilo mia moja pungufu ya ile ya kwanza, na uzito wake umelala chini kwa sababu silinda mbili zimetoka pembeni kama mikono. Pembetatu yake iko karibu sana na yangu. Kiti cha kawaida ni sentimita 80.5 hadi 82.5, nami hapo nagusa chini kwa ncha za vidole. Kipo kiti kingine kifupi cha kuagiza. Ningekuwa na pesa, shajara hii ingeishia hapa. Bei ya mpya ni zaidi ya kodi ya duka langu kwa mwaka. Nimewashukuru, nimetoka.

Njiani kurudi nimemfikiria Bessie Stringfield, yule mwanamke mweusi wa Marekani aliyevuka nchi hii peke yake mara nane kwa pikipiki, nyakati ambazo hoteli nyingi hazikumpokea kwa sababu ya rangi yake, na usiku mwingine akalala juu ya pikipiki yenyewe kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa mdogo wa umbo. Alifariki 1993, na mwaka 2002 jina lake likaingizwa katika ukumbi wa heshima wa chama cha waendesha pikipiki wa Marekani. Huyu hakuwa mtu wa kuambiwa pikipiki kubwa ni za wanaume warefu.

Jumamosi, 8 Aprili. Ramadhani 17

Nimenunua. Honda ST1300 ya mwaka 2008, kutoka kwa mzee mmoja wa Mansfield ambaye magoti yamemkataa. Silinda nne, shafti badala ya cheni, masanduku mawili ya pembeni, tanki la lita 29, na kioo cha mbele kinachopanda na kushuka kwa swichi. Kiti kinakubali kufungwa katika ngazi tatu: 80.5, 79 au 77.5. Mzee alinipa ufunguo na kuniacha niende hadi Midlothian na kurudi. Kisha akaniruhusu nikae juu yake imesimama, muda wote aliokuwa akiosha gari lake.

Uzito ni mkubwa, zaidi ya kilo 320 tanki likijaa. Hilo nimelipima. Kwenye ngazi ya chini nyayo zangu zinafika hadi kwenye mpira wa kidole gumba, zote mbili, visigino hewani. Hazijatosha, lakini upungufu huu ni wa sentimita mbili, na sentimita mbili ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 12 Aprili

Baada ya futari nimefungua kiti. Hapa lazima niandike kirefu, kwa sababu ni jambo ambalo sijasikia likielezwa sawasawa.

Mtu hukaa juu ya mifupa miwili. Akae juu ya jiwe au godoro, mifupa hiyo ndiyo iliyoumbwa kubeba kiwiliwili. Kiti kizuri huipokea mifupa hiyo na kuiachia nyama iliyobaki ipumzike. Kiti laini mno hudanganya: dukani unazama kwa raha, lakini baada ya saa moja sponji limelala, mifupa imefika kwenye bamba la plastiki, na pembeni sponji linakandamiza mishipa ya mapaja. Hapo ndipo ganzi inapoanzia. Kwa hiyo sikuongeza ulaini. Nimeweka sponji gumu zaidi mahali pa mifupa, nikalitandika jingine jepesi juu yake.

La pili ni mteremko. Kiti hiki kilikuwa kikinisukuma polepole kuelekea tanki, nami nikijirudisha kwa mikono bila kujua. Ndiyo sababu viganja vilichoka njia ya Midlothian. Nimekisawazisha.

La tatu ni mapaja. Pande zote mbili za mbele nimezikata kwa kisu cha umeme cha mkate, kidogo kidogo, nikipanda na kushuka, nikipanda na kushuka, hadi miguu ikaanguka wima badala ya kuzunguka kiti. Urefu nimeupunguza sentimita moja na nusu tu. Upana wa mbele sentimita nne. Nyayo zimetua, visigino vimegusa sakafu ya gereji.

Ngozi ya plastiki nimeishona kwa cherehani yangu ya kazini, Juki. Mshono wa katikati nimeuondoa. Hakuna fundi mwenye huruma anayeweka mshono pale mtu anapokalia.

Usukani nimeuinua kwa vipande vya alumini, sentimita mbili juu na mbili nyuma. Nimeilaza ile karatasi ya chaki ubavuni. Alama zote tatu zimekubali.

Jumapili, 16 Aprili

Majaribio hadi Corsicana kwa barabara ya 287. Kioo cha mbele kina somo lake. Nilikipandisha juu kabisa nikidhani ukuta mrefu ndio kinga. Kofia ikaanza kupigwa kwa nyuma, kelele tupu, shingo ikachoka. Nimekishusha hadi ukingo wake ukawa usawa wa pua, nikitazama juu yake na si kupitia ndani yake. Upepo ukapita juu ya kofia, kukawa kimya. Sentimita tano ndizo zilizotenganisha mateso na raha.

Texas humruhusu mtu mzima mwenye bima ya afya au cheti cha mafunzo kupanda kichwa wazi. Ruhusa hiyo siitaki, na kijana yeyote wa kwetu atakayeniuliza nitamwambia asiitumie.

Ijumaa, 21 Aprili. Houston. Idi

Niliondoka Arlington jana baada ya adhuhuri. Dini imempa msafiri ruhusa ya kufungua, nami niliitumia, nikanywa maji kila kituo. Siku hiyo nitailipa.

Ennis maua ya bluebonnet yalikuwa yakiisha ukingoni mwa barabara, bado buluu. Kisha nikaingia barabara kuu ya 45, mwendo unaoruhusiwa kilomita 120 kwa saa, malori kulia na kushoto. Nilisimama Ennis, Fairfield, Madisonville na Conroe. Kwa lita 29 ningeweza kufika bila kutia mafuta hata mara moja, lakini kiuno kina tanki lake, na hilo linaisha kila baada ya saa moja hivi. Dakika kumi za kutembea, linajaa tena. Huntsville nikaliona sanamu la Sam Houston, jeupe, mita ishirini juu ya miti ya misonobari, nikalipigia honi peke yangu kwa furaha.

Baada ya Conroe foleni ilianza, na joto la injini likapanda kwenye goti la kulia. Julai itanilazimu kusafiri alfajiri. Hewa ikiwa moto kuliko ngozi, upepo haupozi tena, unachoma.

Nilifika kwa binti yangu kabla ya magharibi. Alitoka mlangoni na mtoto mkononi, akaniuliza kwa woga, "Baba, mgongo?" Nikashuka, nikasimama wima, nikampokea mjukuu. Leo baada ya swala ya Idi nimefunga kamba za viatu vyangu mwenyewe.