Safari hii Babu kaambiwa ukweli

Najua nimekuwa kimya. Chuo kimefunguliwa, hii wiki ya tatu sasa, boom halijatoka, na mimi nimekaa kwenye kimbweta hapa Mlimani na daftari la Saikolojia ya Elimu mbele yangu. Kusoma hakusomeki, kichwa kiko Morogoro. Bora niandike tu.

Likizo iliyopita tulimhamisha Babu kwenda makao ya wazee.

Kwanza niseme, si babu yangu wa damu. Ni jirani yetu wa Kihonda, nimezaliwa nimemkuta. Ni Muha wa Kigoma. Alikuja mwaka 1960, kijana wa miaka 19, kukata mkonge upande wa Kimamba, wilaya ya Kilosa. Vijana kama wale waliotolewa mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mimi nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, kwa hiyo najua kwamba mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Wakataji wenyewe hawatajwi kwenye notisi zetu. Mmoja wao alikuwa ananiita kila jioni nimsomee gazeti.

Kamba za nailoni zilipokuja, bei ya mkonge ikaporomoka na shamba lao likafa. Babu akahamia mjini, akawa mlinzi wa maduka. Mke wake alishafariki, na watoto hawakujaliwa. Ndugu wa Kigoma? Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, na barua alizowaandikia hazikujibiwa tena.

Mwezi Agosti alianguka usiku akienda choo cha nje. Mama alimkuta alfajiri, bado yuko chini, anatetemeka. Kabla ya hapo jiko la mkaa lilikuwa limeshaunguza pazia lake, maana macho yamefifia. Kwetu ni vyumba viwili, watu sita. Mama anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kuuza vitumbua. Miaka mitatu amempelekea Babu chakula kila siku. Alikuwa amefika mwisho, ila hakuthubutu kulisema hilo.

Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua, kisha afisa ustawi wa jamii akaja. Alituuliza mara mbili kama kweli mzee hana ndugu, kwa sababu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema watunzaji wa kwanza ni familia na jamii, makao ni hatua ya mwisho. Usiku mama akaniambia, "Hiyo jamii si ndiyo mimi?" Majirani wengine walikuwa wameshaanza kusema tunamtupa mzee.

Afisa alituachia kazi moja: tuzungumze na Babu, akubali mwenyewe. Siku ikapangwa, Alhamisi. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, hakuna aliyefungua mdomo. Jumatano mama akaniita jikoni. "Mwambie anakwenda kupimwa macho. Akishafika huko atazoea. Wewe anakusikiliza."

Nikaenda. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda chake, nikasema kama nilivyotumwa: "Babu, kesho tunakwenda kupima macho."

Alinyamaza kidogo. Halafu akaanza hadithi, nikadhani ni zile za kila siku.

"Mwaka wa sitini alikuja mtu kijijini kwetu. Akasema kuna kazi nyepesi huko mashariki, miezi michache tu mnarudi na hela ya ng'ombe. Tukapanda treni tunaimba. Tulipofika nikapewa kisu na namba, nikaambiwa hesabu ya mabunda ya kutwa. Nilikata mpaka mikono ikavimba. Kigoma sijarudi mpaka leo. Mjukuu wangu, mtu anayekupakia kwenye gari maneno yake huwa matamu. Haya, niambie. Gari la kesho linakwenda wapi?"

Jamani, niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Nikamwambia yote. Makao, barua, afisa, mama kuchoka, kila kitu. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Akaniuliza maswali matatu: chakula anapika nani? Nikitaka kutoka getini ninazuiwa? Na nikifa nitazikwa wapi?

Sikujua jibu hata moja. Tulikuwa tumepanga kila kitu mpaka gari, na mambo anayoyataka mwenyewe hatukuwa nayo.

Nikarudi kwa mama, nikamwambia Alhamisi haiwezekani. Alikasirika sana. Lakini asubuhi nilichukua bajaji, mimi na Babu tukaenda makao kuangalia tu, bila mzigo. Mlezi wa zamu alimjibu yeye, si mimi, na hilo nililipenda. Chakula kinapikwa jiko moja la wote. Kutoka unatoka, ila unaaga. Kuhusu kuzikwa, kama kuna watu wako wanaitwa, kama hakuna serikali inazika.

Babu akatikisa kichwa. Njiani hakusema kitu.

Nilipomsimulia mama, aliacha kuchota unga. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa afisa. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu, tulikuwa tumeiacha wazi. Mama akaandika jina lake na namba yake ya simu. "Atazikwa na sisi," akasema. Babu alipoambiwa, akasema, "Basi twendeni Jumatatu."

Siku ya kuhama tulikodi kirikuu. Mimi nilikuwa nimeshapanga kwenye sanduku blanketi jipya, chupa ya chai na masufuria. Babu akatoa karibu vyote. Akachukua kigoda, redio, kanga moja ya marehemu mke wake na kile kisu cha mkonge chenye kutu ambacho mimi nilikuwa nimekiweka kwenye takataka. Kisu mlezi alikikataa, kwa hiyo kiko kwetu, juu ya kabati. Ananiuliza habari zake kila nikipiga simu.

Sisemi kwamba amefurahi. Wiki ya kwanza alilalamika mwenzake wa chumba anakoroma, na kwamba hakuna wa kumsomea gazeti. Ila hajaniambia hata siku moja kwamba nilimdanganya. Nikikumbuka ilibaki usiku mmoja tu, mwili unasisimka. Kama una mzee wa kumhamisha, kwako au kwingine kokote, kabla hujatafuta gari mwulize anataka kujua nini.

Jumapili mama alimpelekea mchicha wa mawese, chakula cha kwao. Majirani walimwona akipanda daladala na hotipoti mapajani, wakanyamaza. Babu akaonja, akasema chumvi imepungua.

Haya, narudi kwenye daftari. Boom likitoka nitanunua tiketi ya treni. Nimekwishamwambia Babu ni Jumamosi gani, kwa hiyo lazima niende.