Kujifunza Kiswahili Musoma: Barua kwa Mjukuu

Musoma

Kwa mjukuu mpendwa,

Mtu aliyekulia ughaibuni anaweza kujifunza Kiswahili vizuri sana Musoma, kwa sababu wenyeji wengi wa mkoa wa Mara nao walikipata baada ya lugha ya mama. Nyumbani husemwa Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya au Kijaluo. Sokoni, shuleni na hospitalini watu hukutana katika Kiswahili. Mgeni anayetafuta neno huwa mbele ya watu wanaoijua taabu hiyo, na kwa kawaida humsubiri amalize.

Masomo yenyewe yana makao ya siku nyingi huko Makoko, kando ya Ziwa Viktoria. Wamisionari wa Maryknoll, waliofika Musoma mwaka 1946, walianzisha huko chuo cha lugha. Darasani mwanafunzi hupata ngeli, nyakati na msamiati. Sikio la kufuata mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja hulipata nje, na kwa hiyo matembezi yahesabiwe kuwa sehemu ya masomo. Mpangilio wake mzuri ni kuanza na ya karibu, kisha kwenda mbali kadiri ulimi unavyofunguka.

Matembezi ya kwanza ni sokoni na mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi hushusha samaki. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao na kurudi alfajiri; mbalamwezi inapokuwa kali, kazi hupungua. Asubuhi dagaa huanikwa juani, na wanunuzi huanza kuulizana bei. Mwanafunzi ajifunze kutofautisha sato, sangara, furu na kamongo, aulize kila mmoja hupikwaje, na anunue mwenyewe bila mkalimani. Mazungumzo ya bei ni mafupi na hurudiwa kila siku, hivyo tarakimu na adabu za kuuziana hukaa kichwani upesi.

Safari ya pili ni Butiama. Kutoka Musoma gari hufuata barabara ya Mwanza hadi Makutano, kisha huacha lami kuu na kuelekea mashariki. Hapo Mwitongo, kati ya mawe makubwa, pana makazi ya familia ya Mwalimu Julius Nyerere, kaburi lake na makumbusho yenye jina lake. Mwanafunzi wa lugha ana sababu ya pekee ya kufika. Mwalimu alizaliwa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito, akakua akisema Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na Kiswahili alijifunza kama wanavyojifunza wengine. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuifasiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Kabla ya kwenda, inafaa kusoma kurasa chache za mojawapo ya tafsiri hizo.

Safari za mbali zaidi hupitia mji wa Bunda, ambao ni njia panda ya safari mbili. Ya kwanza ni Serengeti, hifadhi ya taifa tangu 1951, yenye lango la Ndabaka kando ya barabara ya Mwanza na Musoma. Kuwasikiliza waongozaji wakieleza mienendo ya nyumbu ni zoezi kubwa la upatanisho wa kisarufi: mnyama, hata jina lake likikaa ngeli nyingine, huchukua viambishi vya viumbe hai. Ya pili ni Ukerewe, kisiwa kinachofikiwa kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi. Huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa Nyerere na kwa Kitereza, lugha ya nyumbani haikuwa kizuizi cha Kiswahili kizuri, wala Kiswahili hakikuwafanya waisahau.

Mwaliko wa harusi au sherehe usikataliwe. Kwa Wakurya litungu la nyuzi nane hupigwa na watu hucheza. Mgeni huketi anapoelekezwa, hula anachokaribishwa, na huomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kila mzee huamkiwa shikamoo hata kama haraka ni kubwa. Asiyeamkia huhesabiwa hana malezi, na mazungumzo huishia hapo.

Ziwa lina hatari zake. Maji ya kando yana kichocho, na sehemu nyingine zina mamba na viboko, hivyo kuogelea kusifanywe kwa kuiga watoto wa hapo. Chombo kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiende. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 200 walikufa. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu kupanda hadi kushuka.

Kila safari irudishwe darasani. Mwanafunzi aandike kwa Kiswahili alichoona na alichosikia, amsomee mwalimu wake, asahihishwe, kisha awasimulie wenyeji wake kwa maneno yaliyosahihishwa. Asiyeandika husahau nusu ya maneno aliyoyasikia. Anayeandika na kusimulia huwa na cha kuzungumza safari inayofuata, na kila safari humkuta mbele kidogo ya pale ilipomwacha ile ya kwanza.

Wako,
Babu