Majivu Yalijaa Mekoni

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Mpenzi msomaji, niliyaamini maneno hayo hadi shangazi yangu alipoanguka jikoni kule Nanighi, kando ya Mto Tana.

Ilikuwa mapema mwaka 2009. Nilikuwa nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, na shangazi akanipatia kibarua katika hoteli ndogo alikokuwa mpishi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kupiga deki. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa hadi ikawa laini, nasi sote tulivaa champali zilizolika nyayo.

Adhuhuri moja, wateja wamejaa, nilimwaga mafuta ya sambusa. Kwa haraka nikayamwagia maji, nikidhani nimesafisha. Kumbe maji huyatandaza tu! Shangazi akaja na sufuria ya mchuzi wa mbuzi. Mguu ukateleza, akatanguliza mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Mungu alimnusuru, mchuzi ukamwagikia upande wa pili.

"Bahati mbaya," alisema mwenye hoteli, akampa nauli ya hospitali. Shangazi naye akaniambia, "Usilie, mwanangu. Imeandikwa."

Nikanyamaza. Sikumwambia mafuta yale niliyamwaga mimi.

Mfupa uliunga, lakini mkono haukuweza tena kusukuma chapati. Kazi ikamponyoka hivyo, bila fidia.

Miaka mingi baadaye, katika kazi hii ya uandishi, ndipo nilipojua kwamba sheria za usalama kazini na za mafao ya majeraha zilipitishwa nchini mwaka 2007, kabla ya ajali ile. Aliyeumia, au mtu kwa niaba yake, humwarifu mwajiri, hata kwa mdomo. Mwajiri naye hutakiwa kumwarifu mkurugenzi wa usalama kazini katika siku 7. Madai ya mafao huwasilishwa kabla ya miezi 12 kupita. Sisi tuliiacha miezi hiyo ipite tukisema ni majaaliwa.

Hatimaye nilimwendea shangazi, nikakiri. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza:

"Badala ya maji, ungetia nini?"

"Majivu, Shangazi. Yanyonye mafuta, niyazoe, kisha nisugue kwa sabuni."

Akautazama mkono wake.

"Majivu," akasema polepole, "yalijaa mekoni."