Suka, hapo ni Kibaigwa!

Washikaji wananishangaa: treni ya umeme ipo tangu 2024, wewe bado unapanda basi Dodoma–Dar? Jamani, treni haipiti Kibaigwa!

Ukishaiacha Mbande macho yamezoea vichaka, mibuyu na mbuzi. Mara soko la mahindi hilo! Malori yamebana mpaka ukingo wa lami, watoto wanavuka mbio na mabeseni ya karanga kichwani. Kibao kinasema 50. Suka wetu juzi alikuwa kama anakimbiza mwizi. Bibi mmoja wa Kigogo akapaza sauti: “Wewe mjukuu wangu, hao nao wana mama zao!” Konda akacheka. Suka, nashukuru, akakanyaga breki.

Bibi hakuishia hapo. Tulipofika Dakawa, akanionyesha kwa kidole. Ndiko alikofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma, gari lake lilipogongana na jingine. Alikuwa na miaka 45 tu. Mtu mwenye msafara, bwana!

Sasa sisi wa siti ya nyuma, ambao hata mkanda umezama chini ya kiti? Nikauvuta, nikaupangusa vumbi, nikafunga. Konda akacheka tena.