Usingizi wa mchana wa wazee wetu

Leo siandiki juu ya barabara ya Walikale wala bei ya maharagi. Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu mvua zianze, na watu wa Nyabiondo, wa Kibua, wa Pinga, na wale walio bado Goma kwa ndugu, ni hili: mzee wetu analala sana mchana, tena anasahau. Ni uzee tu, ni ugonjwa, ao kuna mtu amemfanyia kitu?

Sehemu ya mwisho ya swali ndiyo inayonifanya niandike. Katika vilima vyetu, mzee anayelala mchana na kuzunguka usiku akiongea peke yake hapelekwi kwa muganga kwanza. Anaanza kuchunguzwa. Watu wanasema analala mchana kwa sababu usiku ana kazi nyingine. Akiwa mama mjane, bila mtoto wa kumtetea, na hasa akiwa mgeni katika kijiji alikokimbilia, anaweza kufukuzwa, kupigwa, hata kuuawa juu ya maneno hayo. Mnajua vizuri kwamba sitii chumvi.

Nyumbani kwetu pia tuko na mzee. Koko yangu, mama ya mama, hana karatasi ya kuzaliwa; anahesabu miaka yake kwa kutaja mwami aliyekuwa akitawala alipoolewa. Katika vita hivi amelala Sake, kisha chini ya bashe Bulengo, na tangu kambi za Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025 tunakaa kwa familia iliyotupokea. Zamani, shambani, alikuwa analala kidogo mchana kama kila mtu. Wakulima wa Masisi wanaamka kabla ya jua, saa sita wanarudi, wanakula viazi na maharagi, wanajinyoosha kwenye mkeka, na kabla mvua ya mchana haijaanza wamekwisha kuamka. Kwa joto la pori la Walikale mapumziko hayo ni marefu zaidi, na hakuna anayemcheka mtu. Sasa koko anaweza kulala tangu uji wa asubuhi mpaka saa tisa, na akiamka anauliza kama mbuzi wameingia. Mbuzi wale waliibiwa miaka mitatu iliyopita.

Nilisoma yale waganga watafiti waliyoyapata. Mwaka 2022, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee zaidi ya 1,400, wenye wastani wa miaka 81, waliovaa kifaa kama saa mkononi kinachoonyesha mwili unapotulia na unapotikisika. Waliwafuata kwa miaka, wengine mpaka miaka 14. Waliona kwamba wazee waliolala zaidi ya saa moja kwa mchana walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa Alzheimer iliyo kubwa kwa asilimia 40 kuliko wale waliolala chini ya saa moja. Tena kwa wazee wenye akili nzima, usingizi wa mchana uliongezeka kama dakika 11 kila mwaka. Kwa wale ambao akili ilikwisha kuanza kupungua, dakika 24. Na kwa wenye Alzheimer, dakika 68.

Mtu akisikia hesabu hiyo anaweza kwenda kumwamsha mama yake kwa nguvu. Asifanye hivyo. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba usingizi ndio unaoleta ugonjwa. Walisema mambo hayo mawili yanafuatana, kila moja likivuta lingine: ubongo unaougua unashindwa kulinda saa za kuwa macho, na kulala sana mchana kunaweza kuwa dalili ya mapema. Na uchunguzi mwingine, wa China, uliotolewa mwaka 2021 juu ya watu zaidi ya 2,200 wenye miaka 60 na kuendelea, ulikuta wanaolala kidogo baada ya chakula cha mchana wanafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kukumbuka na kusema. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya akili kupotea uzeeni na ambayo watu wanaweza kupunguza. Ndani yake kuna tansio ya juu, sukari, masikio yasiyosikia, macho yasiyoona, huzuni nzito, upweke na hewa chafu. Kulala mchana hakumo.

Mimi ninaona orodha hiyo kama vile iliandikwa na mtu aliyekaa kambini. Mzee amepoteza miwani njiani alipokimbia. Haoni, basi hatoki. Majirani aliosali nao wametawanyika, mmoja Minova, mwingine Lubero, mwingine amezikwa. Anakaa karibu na jiko la kuni ndani ya bashe na moshi wote unaingia kifuani. Ukimwuliza jambo hajibu, unafikiri amesahau, kumbe hakusikia.

Na usiku wetu? Wazee wale wa Marekani walikuwa wanalala kitandani, mlango umefungwa. Watafiti walipoweka usingizi wa usiku katika hesabu, uhusiano na Alzheimer ulibaki, kwa hiyo sitawadanganya kwamba usiku mbaya unaeleza kila kitu. Lakini hawakupima mtu anayelala juu ya mawe ya volkano, maji yakipita chini ya mkeka, watoto saba wakikohoa, na bunduki zikilia upande wa Sake. Mzee anayetoka nje mara nne kukojoa, na choo kiko mbali na giza, amelala saa ngapi? Asubuhi vijana wanaondoka kutafuta kazi, kelele zinapungua, jua linapasha bashe joto. Ndipo mwili wake unapochukua kile ulichonyimwa. Njaa pia inalaza. Mtu anayekula mara moja kwa siku analala ili saa zipite.

Kuna sababu nyingine ambayo inanikasirisha. Katika maduka madogo ya dawa kila mahali, vidonge vya kutuliza kama diazepam na promethazine vinauzwa kimoja kimoja, bila karatasi ya muganga. Mzee akisumbua usiku, mjukuu anatumwa kununua. Kwa mwili wa mzee dawa hizo zinakaa muda mrefu. Kesho yake anasinzia, anayumba, anasema maneno yasiyo na njia, na pengine anaanguka na kuvunjika nyonga. Kisha watu wanasema akili imekwenda. Kabla ya kusema hivyo, fungueni kile kitambaa anachofungia dawa zake, mpeleke vyote kwa muganga aviangalie. Lakini aliyezoea diazepam kwa muda mrefu asiache siku moja. Muganga amwonyeshe namna ya kupunguza.

Wengine wameniuliza kama ni malale. Malale ni ugonjwa wa kweli, unaletwa na nzi wa tsetse, na nchi yetu ndiyo yenye wagonjwa wengi kuliko nchi zote wa ile aina inayoitwa gambiense. Unageuza saa: mtu anasinzia mchana, anakesha usiku, akili inachanganyika. Lakini unapimwa, na tangu mwisho wa 2018 kuna dawa ya vidonge, fexinidazole, iliyokubaliwa hapa Kongo. Katika baridi ya vilima vya Masisi sio jambo la kwanza la kufikiri. Mzee aliyeishi muda mrefu katika mapori ya chini, kuelekea Maniema, aseme hivyo kwa muganga.

Jambo ambalo ningeomba kila nyumba iliangalie ni kasi. Akili inayopungua kwa miezi na miaka ni jambo moja. Mzee ambaye jana alikuwa anacheka na leo halijui jina la mtoto wake, analala na haamki vizuri, huyo ni mgonjwa wa leo. Inaweza kuwa malaria, pafu, mkojo wenye ambukizo, sukari kushuka ao kupanda, ao kukosa maji mwilini. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kwa kubebwa kwa kipoyi. Wengi wao wakitibiwa mapema akili inarudi.

Kwa koko yangu tulienda kituo cha afya. Walikuta damu imepungua na tansio iko juu, wakatoa dawa za yote mawili. Muganga alituambia tumwache alale baada ya chakula cha mchana, nusu saa hivi, na asilale tena baada ya saa tisa. Asubuhi tunamtoa nje kwenye jua na kumpa maharagi ya kuchambua. Anayachambua vizuri kuliko sisi. Bado anauliza juu ya mbuzi, ila usiku haamki tena kuwatafuta.

Niseme pia kwa nini vichwa vya wazee hawa ni mali ya wote. Mwaka 1956, huko Walikale, msimulizi wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa siku 12, bila kitabu mkononi. Ilichapishwa 1969 na leo inasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Ilikuwa katika kichwa cha mtu. Hivyo hivyo, kwa familia nyingi za Masisi, mpaka wa shamba hauko katika karatasi yoyote. Uko katika kichwa cha mzee anayejua nani alipanda mti gani, nani alipewa sehemu gani na kwa mbuzi wangapi. Watu wanaporudi sasa wanakuta wengine wanalima mashamba yao, na shahidi ni huyo anayesinzia karibu na jiko.

Kwa hiyo sisi tumeanza kurekodi kwa simu. Tumeona kwamba saa tatu ya asubuhi, baada ya uji, koko ana akili safi. Jioni anachanganya watu waliokufa na walio hai. Tunamwuliza jambo moja tu kwa siku, na mjomba wake mdogo, ambaye ni mzee pia, anakaa karibu kusahihisha. Wiki iliyopita alitaja mipaka ya mashamba matatu na majina ya majirani wote wa juu na wa chini. Limebaki la nne, lile la mtoni, na kuhusu hilo hawa wawili hawajapatana bado.