Babu wa Stoo

Dukani kwetu Kariakoo tuna seva tunayoiita Babu. Anakaa stoo, katikati ya maboksi ya madaftari, anaunguruma kama mashine ya kusaga. Madeni ya wateja, stoku, mauzo ya kila siku, vyote vimo tumboni mwake tangu 2011. Tajiri wetu akiulizwa atambadilisha lini, jibu ni lile lile: "Si anafanya kazi?"

Ndugu msomaji, jibu hilo linanikera, ingawa nalielewa. Seva mpya ni mamilioni, na hakuna mteja anayekuja kununua kalamu kwa kuvutiwa na chuma kilichofichwa stoo. Ila swali lenyewe ni jingine: Babu akizimika usiku huu, kesho tutaanza kuuza saa ngapi? Sisi wa kaunta tunalipwa kwa siku. Duka likisimama, hatuna chetu.

Mwaka jana diski yake moja ilikufa. Zilikuwa mbili, kila moja ikibeba nakala ya mwenzake. Fundi alizunguka siku mbili ndipo akapata ya mtumba, maana mpya za aina ile hazionekani tena madukani. Siku mbili nzima diski moja kuukuu ilibeba madeni yote ya duka! Usiku nilikaa na riwaya yangu, sura ya saba, kalamu haikusogea. Mawazo yalikuwa stoo.

Halafu kuna programu. Babu anaendeshwa na Windows Server 2008, na Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Jamani, Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye mashine zilizokosa viraka, kikafunga mafaili na kudai pesa. Hata hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa.

Mimi nasema anunuliwe mwenzake Babu akiwa bado mzima. Data zihamishwe taratibu, wakae pamoja wiki mbili, tulinganishe deni kwa deni. Akishakufa tutanunua kwa pupa, kwa mkopo, chochote tutakachokikuta.

Jumamosi tajiri akaniita. "Kijana, hebu niandikie bei." Nikaandika mbili: ya seva mpya, na ya siku moja ya duka kufungwa. Karatasi ameikunja, ameitia mfukoni. Leo Jumatano, bado hajasema kitu.